Kujenga pedali ya fazi ya transista mbili, kuanzia bredibodi hadi kasha

Mwaka 1966 kampuni ya Arbiter ya London ilitoa pedali ya gitaa yenye umbo la duara, Fuzz Face, inayoifanya sauti ya gitaa ikwaruze; sauti hiyo ndiyo fazi (fuzz). Ukiifungua unakuta transista 2, rezista 4, kapasita 3 na poti 2 (rezista za kuzungusha), basi. Mpaka leo karakana ndogo za pedali zinaizunguka saketi hiyohiyo. Z.Vex ya Minneapolis iliibadilisha ikazaa Fuzz Factory mwaka 1995, na Analog Man ya Connecticut inaiunda kwa mkono kwa jina la Sun Face. Hata kwetu sauti hii si ngeni: bendi za Zambia za miaka ya 1970, kama WITCH na Amanaz, zilijenga muziki wao juu yake.

Anayenunua pedali ya namna hii kwa bei kubwa analipia hasa kazi ya fundi aliyekaa na mita akachagua transista moja moja. Vipande vyenyewe ni vya bei ndogo. Kazi hiyo ya kuchagua inafanyika mezani kwako pia, na ndiyo maana mwongozo huu unakaa sana kwenye kupima kuliko kwenye kuchomelea.

Kwa nini silikoni

Fuzz Face za mwanzo zilitumia transista za jerimaniamu aina ya NKT275, kisha baadaye zikaja za silikoni, BC108. Jerimaniamu ina sauti laini, lakini haipendi joto. Ikipata joto huvujisha umeme, volti za ndani zinahama, na sauti inaanza kukabwa au kukatika kila noti inapofifia. Kwa mpiga gitaa wa Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar, pedali iliyorekebishwa asubuhi kwenye chumba chenye kiyoyozi inaweza kuwa kitu kingine kabisa saa mbili usiku jukwaani. Ndiyo maana baadhi ya Sun Face huja na poti ya ziada ya kurekebisha volti hizo. Silikoni haina shida hiyo kwa kiwango cha kukusumbua.

Kuna sababu nyingine. Fazi nyingi za jerimaniamu ni za PNP, yaani transista zinazopokea umeme kinyume na zile za NPN, na katika mpangilio wake wa asili upande wa chanya ndio unaounganishwa na kasha. Ukiichomeka pedali kama hiyo kwenye adapta moja na pedali nyingine za kawaida kwa waya wa matawi, umepiga shoti. Saketi iliyoelezwa hapa ni ya NPN, hasi kwenye kasha, kwa hiyo inakaa na wenzake bila ugomvi.

Vipande

- Transista: BC547B na 2N3904, angalau 10 za kila aina, ili upate za kuchagua. Ukipata BC108 au BC109 za kopo la chuma, zinafaa pia.
- Rezista za robo wati: 1K, 4.7K, 33K, 100K na 1M, moja moja.
- Poti ndogo ya kurekebisha kwa bisibisi: 10K.
- Poti za nje: B1K ya fazi na A500K ya sauti. Herufi ni muhimu: B hupanda sawasawa, A hupanda kwa namna sikio linavyosikia.
- Kapasita: 2.2µF, 22µF na 100µF za elektrolitiki, zote za volti 16 au zaidi. 10nF ya filamu. 100pF ya seramiki.
- Dayodi 1N5817 na taa moja ya LED.
- Swichi ya mguu ya miguu 9, jeki 2 za gitaa, na soketi ya umeme ya milimita 2.1 yenye mwili wa plastiki.
- Bodi ya vero yenye mistari ya shaba, isiyopungua mistari 9 kwa matundu 18.
- Kasha la alumini la ukubwa wa 125B, yaani takribani milimita 122 kwa 66 kwa 39.

Transista, rezista, kapasita na bodi ya vero ni vitu vya kawaida kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki, Kariakoo au Luthuli Avenue jijini Nairobi. Swichi ya miguu 9 na kasha la alumini mara nyingi inabidi kuagiza. Ukikosa kasha la alumini ukatumia la plastiki, libandike karatasi ya alumini ndani, uiunganishe na hasi, la sivyo pedali itavuma kama jokofu.

Kupima na kuchagua transista

Weka mita kwenye sehemu ya hFE, yaani kipimo cha ukuzaji wa transista, chomeka transista, soma namba. Andika namba hiyo kwenye kipande cha selotepu ukibandike kwenye mguu wa transista. Fanya hivyo kwa zote kabla hujagusa kitu kingine.

Herufi ya mwisho ya BC547 inakupa picha ya awali: A huwa kati ya 110 na 220, B kati ya 200 na 450, C kati ya 420 na 800. Kwa transista ya kwanza, tuiite T1, tafuta yenye hFE kati ya 120 na 220. Nyingi za 2N3904 huangukia humo. Kwa T2 tafuta yenye 250 hadi 400, yaani BC547B. Ukiweka C pande zote mbili pedali itafanya kazi, lakini itakuwa kali, itashika redio, na itapiga mluzi ukifungua kila kitu. Watu wengi wanaoilalamikia fazi ya silikoni kwamba inachoma masikio wamesikia iliyojaa transista za namna hiyo.

Hapa ndipo wengi huanguka: miguu ya transista hizi mbili haifanani. Ukiishika BC547 upande wa bapa ukikutazama na miguu ikielekea chini, kutoka kushoto ni kolekta, beisi, emita. Kwa 2N3904 ni kinyume: emita, beisi, kolekta. BC108 ya kopo ina kijipembe kinachotokeza ukingoni. Mguu ulio karibu nacho ni emita. Kopo lenyewe limeunganishwa na kolekta, hivyo lisiguse kasha wala kopo la jirani.

Bredibodi kwanza

Jenga saketi nzima kwenye bredibodi, bodi ya matundu ya kuchomeka vipande tu, kabla ya kuchomelea. Hapo ndipo unapobadilisha transista ndani ya sekunde chache na kusikiliza tofauti. Miunganisho ni hii:

T1: emita iende hasi. Beisi ipokee gitaa kupitia 2.2µF, upande wa chanya wa kapasita ukielekea beisi. Kolekta iende chanya kupitia 33K, na hapohapo iungane moja kwa moja na beisi ya T2.

T2: kolekta iende kwenye poti ya kurekebisha ya 10K, kisha 1K, kisha chanya. Makutano ya 10K na 1K ndipo sauti inapotokea, kupitia 10nF kwenda poti ya A500K. Emita iende hasi kupitia poti ya B1K, na 22µF ikae kati ya mguu wa kati wa poti hiyo (chanya ya kapasita) na hasi.

Rezista ya 100K iunganishe emita ya T2 na beisi ya T1. Huu ndio moyo wa saketi: T2 inailisha T1, T1 inaizuia T2, na zote mbili zinatulia mahali pamoja.

Washa umeme wa volti 9, gitaa likiwa halijachomekwa. Waya mweusi wa mita ukae kwenye hasi, kisha pima:

- Kolekta ya T1: volti 1.2 hadi 1.5.
- Emita ya T2: volti 0.6 hadi 0.8.
- Kolekta ya T2: hii unaiweka mwenyewe. Zungusha poti ya 10K mpaka usome 4.5.

Mbona poti, wakati saketi ya asili ilikuwa na rezista ya 8.2K hapo? Hesabu ni fupi. Emita ya T2 ina takribani volti 0.7 juu ya 1K, kwa hiyo mkondo ni kama miliampia 0.7. Ili volti 4.5 zipotelee juu ya kolekta unahitaji takribani 6.4K kwa jumla. Ukiweka 8.2K na rezista yake ya juu, kolekta itashuka karibu na volti 3. Hilo si kosa. Baadhi ya wapigaji wanalipenda hivyo. Lakini ni vizuri uwe umelichagua mwenyewe. Kwa kuwa 1K tayari ipo, poti yako ya kurekebisha itatulia karibu na katikati, kwenye 5.4K hivi. Ikiwa umefika 4.5 poti ikiwa mwisho kabisa upande wowote, kuna rezista uliyoisoma vibaya.

Sasa chomeka gitaa. Piga noti moja kwenye waya wa tatu, iache ife yenyewe. Kwenye volti 4.5 inafifia taratibu bila kukatika. Sogeza hadi 6 au 7, utasikia inakatika ghafla mwishoni, kama inayochanika. Shusha hadi 2, inakuwa nzito na butu. Ukishapata unachotaka, badilisha T1 kwa nyingine ya namba tofauti, urekebishe volti tena, usikilize. Usikubali kuruka hatua hii hata ukiwa na haraka.

Kuhamishia kwenye bodi ya vero

Mpangilio huu hauhitaji kukata mstari wowote wa shaba, na hiyo inaondoa nusu ya makosa ya bodi ya vero. Ipe mistari namba 1 hadi 9 kutoka juu:

1 ni sauti inayotoka, 2 ni chanya, 3 ni makutano ya 10K na 1K, 4 ni kolekta ya T2, 5 ni kolekta ya T1 na beisi ya T2, 6 ni emita ya T2, 7 ni beisi ya T1, 8 ni hasi, 9 ni sauti inayoingia.

Kisha panga, kila kipande kwenye safu yake ya matundu:

- 33K: kutoka 2 hadi 5.
- 1K: kutoka 2 hadi 3.
- Poti ya 10K: mguu mmoja wa pembeni kwenye 4, wa kati na wa pembeni uliobaki kwenye 3.
- 10nF: kutoka 3 hadi 1.
- 100K: kutoka 6 hadi 7.
- 100pF: kutoka 5 hadi 7. Hii inazuia redio na mluzi.
- 2.2µF: chanya kwenye 7, hasi kwenye 9.
- 1M: kutoka 9 hadi 8. Bila hii, kila ukikanyaga swichi spika italia "pu".
- 100µF: chanya kwenye 2, hasi kwenye 8.
- T2: kolekta 4, beisi 5, emita 6.
- T1: kolekta 5, beisi 7, emita 8. Mguu wa kolekta unaruka juu ya mstari wa 6, basi uvike ngozi ya waya usiguse chochote.

Kapasita ya 22µF haikai kwenye bodi. Ichomelee kwenye poti ya B1K yenyewe, chanya kwenye mguu wa 2 na hasi kwenye mguu wa 1. Miguu ya poti inahesabiwa hivi: kijiti kikikutazama na miguu ikielekea chini, wa 1 uko kushoto na wa 3 kulia. Mguu wa 3 wa poti hii unapokea waya kutoka mstari wa 6, na wa 1 unakwenda hasi.

Tumia risasi nyembamba ya milimita 0.8 yenye ute wa kuchomelea ndani yake. Dawa ya kuchomelea ya mafundi wa bati ina asidi na itakula shaba, usiilete karibu. Pasi ya kuchomelea iwe kwenye nyuzi 350 hivi: gusisha mguu na shaba kwa pamoja, lisha risasi, ondoa, yote ndani ya sekunde 2 hadi 3. Kiungo kizuri kinang'aa na kimeteremka pande zote. Kilichovimba kama tone juu ya shaba hakijashika, hata kama kinaonekana kimejaa.

Ukimaliza, pitisha ncha ya kisu kati ya kila mstari na mwenzake. Unyuzi wa risasi usioonekana kwa macho ndio sababu ya kawaida zaidi ya bodi mpya kukaa kimya.

Swichi, jeki na umeme

Igeuze swichi ili vile bapa vya miguu yake vilale kwa mlalo, kisha uihesabu kama kurasa: 1, 2, 3 juu, 4, 5, 6 katikati, 7, 8, 9 chini. Hakikisha kwa mita: mguu wa 4 uwasiliane na 1 au 7 kila unapokanyaga. Ukikuta unawasiliana na 5, umeigeuza vibaya.

Ncha ya jeki ya kuingilia iende 4, ya kutokea iende 6. Unganisha 1 na 3 kwa kipande cha waya. Hiyo ndiyo njia ya sauti kupita bila kuguswa. Mguu wa 7 uende mstari wa 9 wa bodi. Mguu wa 9 upokee kutoka mguu wa 2 wa poti ya A500K, ambayo mguu wake wa 3 umetoka mstari wa 1 na mguu wa 1 uko hasi. Mguu wa 5 uende hasi, wa 8 kwenye mguu mfupi wa LED, na mguu mrefu wa LED upate chanya kupitia 4.7K. Malizia kwa kuunganisha 2 na 7: pedali ikizimwa, mlango wa saketi unafungwa kwa hasi, na kelele za fazi hazivuji kwenye sauti safi.

Adapta ya pedali ni ya volti 9 yenye hasi katikati. Adapta nyingi za ruta na kamera za ulinzi ni volti 12 na chanya katikati, na plagi yake inaingia vizuri kabisa, jambo ambalo limeua pedali nyingi. Ndiyo kazi ya 1N5817: iweke kwenye waya wa chanya kati ya soketi na mstari wa 2, upande wenye mstari mweupe ukielekea bodi. Inakula volti 0.2 hadi 0.3 tu, na ukichomeka kinyume hakuna kinachopita. Chagua adapta iliyotengenezwa kwa ajili ya muziki; chaja ya bei nafuu inaleta mlio mwembamba ambao fazi inaukuza pamoja na gitaa lako. Saketi yenyewe inakula kama miliampia 1, pungufu hata ya LED yake, kwa hiyo betri ya volti 9 nayo inakaa muda mrefu mno.

Kwenye kasha toboa kwanza kwa biti ya milimita 3 kisha panua: milimita 7 kwa poti, 10 kwa jeki, 12 kwa swichi na kwa soketi ya umeme. Pima sehemu zako kabla, kwani jeki na soketi hutofautiana. Osha kasha unga wa alumini utoke wote kabla bodi haijaingia.

Ikikaa kimya au ikisumbua

Rudi kwenye mita, usianze kubadilisha vipande kwa kubahatisha.

Kolekta ya T2 inasoma karibu volti 9: T2 haipitishi umeme. Ama miguu yake imegeuzwa, ama poti ya B1K haijafika hasi. Kolekta ya T2 iko chini sana na emita yake imezidi volti 1: T1 ndiyo haifanyi kazi, tazama 100K na mpangilio wa miguu ya T1. Kolekta ya T1 iko karibu na sifuri: kuna shoti kati ya mstari wa 5 na hasi, au kopo la BC108 limegusa kitu.

Volti zote ziko sawa lakini hakuna sauti: chukua kebo ya gitaa iliyochomekwa kwenye amplifaya, sauti ikiwa chini, unganisha kapasita ya 100nF kwenye waya wake wa ndani, na waya wake wa nje kwenye hasi ya pedali. Gusa kwa mguu wa kapasita mstari wa 9, kisha 7, 5, 4, 3, 1. Panapokatika sauti ndipo kosa lilipo.

Redio inasikika: ongeza 100pF ifike 220pF. Kelele zinabadilika ukigusa kasha: kasha halijaungana na hasi.

Pedali inafanya kazi lakini imekuwa nyembamba na kali ukiwa na bendi tu, si nyumbani: tazama kilicho mbele yake. Fazi hii inataka kuligusa gitaa moja kwa moja. Pedali yoyote yenye bafa (saketi ndogo inayotenganisha gitaa na kinachofuata) ikitangulia, hata ikiwa imezimwa, inaharibu jambo zuri kuliko yote ya saketi hii: ukishusha volyumu ya gitaa hadi 7 au 6, fazi inasafika na kuwa mlio mwepesi unaong'aa, ambao mpiga solo wa dansi anaweza kuutumia wimbo mzima kisha akaupandisha kwenye sebene bila kukanyaga chochote.

Mabadiliko yanayofaa kujaribiwa

Nobu nyingi unazoziona kwenye fazi mpya za karakana ndogo zinatokana na mambo machache. Itoe nje ile poti ya 10K, umepata nobu ya kuchagua kati ya sauti laini na inayokatika. Weka poti ya 5K kwenye waya wa chanya baada ya mahali LED inapochukua umeme. Kwa mkondo mdogo kama huu inatosha kushusha volti kadhaa, na sauti inakuwa ya betri inayokufa. Badilisha 2.2µF kwa 100nF kama gitaa lako lina pikapu za humbucker (za koili mbili) na besi inavurugika. Rezista ya 1K ukiifanya 2.2K, pedali inapaza zaidi, ila lazima urekebishe kolekta ya T2 upya.

Ukitaka kuuza utakazojenga, ipe yako jina na mchoro wako. Saketi ya 1966 iko wazi kwa kila mtu, lakini Fuzz Face ni jina la biashara lenye mwenyewe. Na pedali ambayo fundi mmoja wa karakana ndogo bado anaitengeneza leo kwa mikono yake, wapenzi wa pedali hujijengea moja ya kujifunzia. Hawampelekei sokoni nakala yake.